Kibao Kilichoitika Mara ya Kwanza

Kama utacheka, cheka sasa hivi umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapahapa Kasenga, na sikuwa nimelewa.

Mimi ni fundi wa simu. Vita ilipokaribia uwanda wa mto Ruzizi na mtandao ukakatika, nilitengeneza vibao viwili vya elektroniki, kila kimoja na redio yake ndogo na antena. Kimoja nilibaki nacho nyumbani. Cha pili nilimpelekea dada yangu Furaha, aliyekuwa akilima kijijini Mutarule, kwenye uwanda huo, peke yake tangu afiwe na mume. Programu niliiandika kwa mkono wangu: Furaha akibonyeza kitufe, kibao changu kinaandika "Furaha anaita", kisha kinaitika chenyewe papo hapo, ili ajue amesikika.

Mama hakupenda hata kidogo. "Weye, muntu haitikake mara ya kwanza kama haone mwenye kumuita. Ngoja aite mara tatu, ndiyo ujue ni muntu."

Nikamwambia hayo ni mambo ya porini, si ya redio. Kiburi cha fundi!

Risasi zilipolia Mutarule, kibao kilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, saa sita mchana, kikaandika: Furaha anaita. Kikaitika. Machozi yakanitoka.

Sasa sikia. Vikishaitikana, vibao vyangu huonyesha namba ya nguvu ya mawimbi, na kutoka Mutarule namba huwa ndogo sana. Siku hiyo ikaanza kupanda. Anakuja! Ikapanda mpaka ikawa kama kibao chake kiko juu ya meza yangu. Nilikuwa bado naitazama niliposikia sauti mlangoni.

"Yaya, umeniitika. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Furaha, naapa, na Yaya ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. Niliruka, lakini Mama alinishika, akaniziba mdomo kwa kiganja. Tukangoja. Hakuita tena. Nilipofungua, zilikuwa pikipiki tu zikipita, na kizingitini kibao cha Furaha, kikavu, chenye alama yangu ya rangi nyekundu.

Siku mbili baadaye mtu aliita mlangoni mara moja, mbili, tatu. Mama akafungua. Furaha! Miguu imevimba, nguo zimechanika. Tulikumbatiana tukilia wote. Nikamuuliza kibao kiko wapi.

"Kale kamashini? Nilikatupa mu Ruzizi siku ya kwanza, ili wenye bunduki wasinikute nako."

Nielewe nini hapo? Wewe ungeelewa nini?

Furaha tunaishi naye mpaka leo. Lakini tangu afike, ukimwita haitiki. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ndipo anageuka na kutabasamu. Nampenda, ni dada yangu. Ila sijui tulimfungulia nani, wala tulimwacha nani nje.

Wewe unayejua programu, usikiache chombo kiitike kwa niaba yako. Na kama kimeshaitika, basi fungua mlango. Mimi sikufungua alipoita.