Maji ya Mvua kwenye Chupa Zangu

Jamani, leo nimeruhusu watoto wa watu wanywe maji ambayo sijayapima.

Subirini kabla hamjanitukana.

Kazi yangu ni kupima shaba kwenye visima vya hapa Rukoki, maana mto unashuka kutoka kwenye mgodi wa zamani wa shaba. Natumia chipu ya kupimia, ndogo kama ukucha. Ukishaitia maji mara moja, imekwisha. Nilikuwa nimebaki na tatu tu.

Jana nilijaza chupa tatu kisimani kwa Mama Masika, nikaziacha nyumbani kwake. Leo asubuhi nikapima, majirani wote wakiangalia.

Shaba? Hakuna kabisa!

Nikapaza sauti, tena kwa furaha: "Maji yenu ni salama!"

Vigelegele! Vikombe vya maji ya kisima vikaanza kuzunguka, watoto kwanza.

Mama Masika akanivuta pembeni, anacheka kwa aibu.

"Mwanangu, ile maji ya kisima ilikuwa na rangi mubaya. Mugeni hawezi kutoka kwangu na maji chafu. Nilimwaga, nikakuwekea ya mvua."

Ya mvua. Ya kwenye pipa lake.

Nimezunguka nyumba zote nikiwaambia wasinywe. Wananicheka. "Si wewe ulisema ni salama?"

Chipu sina tena. Niambieni, mngefanya nini?

Mzee mmoja akaniletea kikombe kwa mikono miwili. "Kunywa, mugeni."

Nikakipokea, nikamwaga maji yake chini, mbele yake.

Hapo ndipo walipoacha kucheka.