Mashine ya Maji ya Wakesho

Mwanzoni mwa mwaka 1974 dizeli iliadimika Voi. Redioni walieleza kwamba nchi hununua mafuta yake yote ng'ambo, na huko ng'ambo bei imepanda, kwa hiyo wananchi wabane matumizi. Kule Mbololo, Gertrude Wakesho na mumewe Donald walikuwa na mashine ya dizeli ya kusaga mahindi, kando ya barabara. Donald aliteremka Voi na madebe, akarudi nayo matupu. Wanawake wakarudia mawe ya kusagia, wakilalamikia maumivu ya mabega.

Wakesho alipokuwa msichana aliwahi kuona misheni moja milimani ikisaga kwa gurudumu linalosukumwa na maji. Akamwambia mumewe.

"Baba Reuben, maji yanapita hapa bure."

"Maji ni ya kunywa na kumwagilia. Mimi nilinunua injini, sikununua mto."

"Na injini inakunywa nini leo?"

Wakesho akamwita Kimeu, fundi wa mikokoteni kutoka Maungu, wakaelewana kwa mbuzi. Kimeu alitengeneza gurudumu la mbao lenye visanduku vya kupokea maji, akalifunga kando ya mfereji wa kumwagilia, karibu na barabara, na kuchepusha maji yalizungushe pamoja na jiwe la kusagia. Unga ulitoka na chenga, lakini ulikuwa unga. Chifu alikuja kutazama, akasema hivi ndivyo serikali inavyotaka, watu wajitegemee.

Baadaye akaja mzee Elijah, msimamizi wa mfereji.

"Mama Reuben, maji yakitoka kwako yanarudi mferejini chini ya shamba langu na la Lois. Sisi wawili hatupati kitu."

Chifu alipoulizwa aliamua mashine ibaki, kwa kuwa inafaa watu wengi. Donald alifurahi, ingawa mashine haikuwa yake.

Wakesho hakuridhika. Alikwenda kwa Lois, mjane jirani yake, akamkuta ameinamia maharagwe yaliyogeuka manjano.

"Mbona hukuja kunigombeza?"

"Nitakugombezaje, nami nakula unga wako?" Lois alisema. "Lakini maharagwe hayajui habari za mafuta."

Siku iliyofuata Wakesho alimwomba Kimeu afungue gurudumu na kulihamishia bondeni, chini ya shamba la mwisho, mahali mfereji unapomwaga maji yake mtoni.

"Umepewa haki, halafu unaihama?" Donald alimuuliza.

"Nitaonana vipi na Lois kanisani?"

Kule bondeni njia ilikuwa ya mteremko mkali, na kupanda na gunia la unga hakukuwa rahisi. Dizeli iliporudi madukani Donald aliwasha injini yake, na wateja wengi wakabaki juu barabarani. Kwa miaka kadhaa nyumba moja ilikuwa na mashine mbili, ya mume juu na ya mke chini. Mezani hawakuzungumzia kazi. Kiangazi mto ulipopungua gurudumu lilisimama, na Wakesho alilima.

Mwaka 1979 mafuta yalipanda bei tena. Injini ikanyamaza, watu wakateremka bondeni na magunia yao. Siku moja ekseli ya gurudumu ilikwama wateja wakiwa wamepanga foleni. Donald aliteremka na grisi na spana, akalala chali kwenye matope mpaka ikazunguka. Hakupanda tena mchana ule. Aliketi akikinga unga, na kesho yake akarudi.

Kisha masika moja mto ulifurika ukabeba gurudumu zima. Wakesho alisema basi, wamezeeka. Donald ndiye aliyekwenda Maungu kumtafuta Kimeu, akaambiwa fundi alishafariki. Alirudi na mbao, akaunda gurudumu jingine mwenyewe, mkewe akimshikia misumari na kumkumbusha vipimo. Liliyumba kidogo lilipozunguka, lakini lilisaga.