Magoti Mbele ya Mama Mkwe

Judith hakumchukia Leah. Alikuwa akilisema hilo hata bila kuulizwa, na mtu anayejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, mnamjua. Kilichomkera, alidai, ni jinsi yule mwanamke alivyopiga magoti.

Leah alikuwa mke wa Ezron, mdogo wake Osea, na Osea ndiye mume wa Judith. Nyumba zao pale Tunduma zilitenganishwa na ua wa mabati tu. Kila mama mkwe wao aliposhuka garini kutoka kijijini kwake Iyula, Leah alitua chini kwa magoti yote mawili, mgongo umenyooka, akapiga makofi taratibu kama adabu inavyotaka, akasalimia, kisha akainuka huku bado anatabasamu. Judith, mke wa mtoto wa kwanza, aliyeingia kwenye ukoo huo miaka kumi na miwili kabla ya Leah, alishuka kwa awamu. Goti la kulia kwanza, mkono umeshika kochi. Halafu la kushoto. Halafu "uuwi" moja iliyomtoka bila ruhusa. Na kuinuka ndiko kulikuwa na kazi, maana mara ya mwisho Osea alimvuta mkono mbele ya wageni.

"Pole, mwanangu," mama alimwambia. Kisha akamtazama Leah, akacheka kidogo. "Huyu mwenzio bado mbichi."

Neno hilo lilimkaa Judith rohoni miezi mitatu. Alilibeba sokoni alikouza mchele, akalirudisha nyumbani jioni.

Ndipo zikaja habari kwamba mama amechoka kukaa peke yake shambani. Kahawa ikishavunwa, angehamia Tunduma moja kwa moja. Wanawe walimwachia achague mwenyewe: kwa Osea au kwa Ezron. Judith hakuona kuna cha kuchagua. Mama wa watu ahamie kwa mdogo na mkubwa yupo? Majirani wangesema nini? Wangesema Judith amemshindwa mama mkwe, na ukishasemwa hivyo Tunduma, hata wateja wako wa ng'ambo ya mpaka wanakuwa na habari.

Akaenda hospitali. Daktari aliyatazama magoti yake, akasema yamechakaa kidogo ila hayajaharibika, kinachotakiwa ni mazoezi ya miguu. Akamwandikia aende chumba cha mazoezi aelekezwe. Judith akaiona foleni mlangoni, akakunja karatasi. Mazoezi ya miguu! Nani asiyejua mazoezi? Mtu anayetaka kujua kuimba anaimba. Anayetaka kupiga magoti, basi apige magoti.

Akajifungia chumbani na mkeka. Siku ya kwanza alipiga magoti mara ishirini, akihesabu kimoyomoyo na kumwona Leah mbele yake kila alipoinuka. Siku ya tatu mara arobaini. Siku ya sita magoti yalikuwa yamevimba, viatu vya kanisani vikawekwa kabatini, na mchele ukauzwa na jirani.

Akairudia ile foleni. Mtaalamu wa mazoezi aliitwa Lusubilo, kijana mpole, lakini alipoambiwa habari za mkeka alishika kichwa.

"Mama, goti linauma, wewe unalipigilia chini mara arobaini?"

"Si mlisema mazoezi?"

"Mazoezi yasiyoligonga goti."

Uvimbe ulipopungua, akamkalisha kwenye kiti imara. Nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa na paja, kaza, hesabu mpaka tano, shusha polepole. Halafu wa pili. Halafu simama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, na uketi bila kujitupa. Asubuhi tembea mahali tambarare, dakika kumi, uongeze kidogo kidogo. Ukipata baiskeli, endesha. Kuruka kamba, kuchuchumaa na kupiga magoti, acha. Maumivu yakizidi, punguza.

"Kupiga magoti niache mpaka lini?" Judith aliuliza. Alikuwa anahesabu wiki zilizobaki mpaka mwisho wa kahawa.

"Mama, mimi nakupa miguu ya kutembelea. Magoti ya kusalimia siwezi kukupa."

Alitoka pale na hasira, lakini mazoezi aliyafanya. Wiki ya kwanza mguu wa kulia ulitetemeka kwenye hesabu ya tatu, wa kushoto haukufika hata hapo. Ilimchukua wiki tatu nzima kufika tano. Alfajiri akawa anatembea pembeni ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, mpaka madereva wakamzoea, na mmoja wa Zambia akawa anamsalimu kwa Kibemba, "Muli shani, bamayo?" naye anajibu bila kusimama. Dakika kumi zikawa ishirini, zikawa arobaini. Gunia la mchele lililokuwa likimtoa jasho akawa analisogeza huku anaongea. Osea alimwambia amerudi kuwa kama alivyomwoa. Judith alimwambia asiseme kwa sauti ya chini namna hiyo, aseme mpaka ng'ambo ya mabati wasikie.

Mama akaja. Leah akatua chini, makofi, tabasamu, mambo yale yale. Judith akavuta kigoda, akaketi polepole bila kushika kitu, akainamisha kichwa, akapiga makofi, akasalimia. Akainuka kwa miguu yake mwenyewe. Alitazama kama mama ameona. Mama alikuwa anapokea maji kwa Leah.

Siku ya tatu mama alitamka mbele ya wote. "Nitakaa kwa Ezron. Wewe, mke wa Osea, pumzika, unaumwa. Leah ana nguvu."

Unaumwa! Mwanamke aliyetembea dakika arobaini asubuhi hiyo hiyo! Judith alisema, "Sawa, mama," akaenda jikoni, akasugua sufuria iliyokuwa safi.

Huko huko Leah akamfuata kuchukua kapu la mama. Akampigia magoti, kwa kuwa Judith ni mkubwa wake. Miaka yote hiyo alikuwa akifanya hivyo, na Judith hajawahi kumtazama akiinuka. Leo alimtazama. Leah aliweka kiganja juu ya paja. Akashika fremu ya mlango. Akavuta pumzi fupi kupitia meno, kisha akaweka tabasamu lake mahali pake.

Judith aliijua ile pumzi. Ndivyo yake ilivyoanza.

Alimwacha aende na kapu, na mchana ule alikula vizuri kuliko siku nyingi. Kumsalimia mama, kumnawisha, kumwandalia, mara kumi kwa siku. Mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja, Leah angekuwa anashika kochi, na mama angerudi huku na mabegi yake. Judith hakuhitaji kufanya lolote isipokuwa kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

Asubuhi yake alitoka kutembea kama kawaida. Alipopita kwenye mlango wa Ezron alisikia vikombe vya chai, kisha "uuwi" ndogo, iliyomezwa.

"Nini?" sauti ya mama.

"Hamna kitu, mama."

Jibu hilo Judith alikuwa amelitoa yeye miaka minne. Alisimama pale nje akijilaani, akimlaani Leah pia, kisha akaingia.

"Leah, kaa kwenye kiti."

"Mbele ya mama, dada?"

"Mama, utanisamehe. Huyu magoti yanamuuma kama yangu. Akiendelea kukupigia kila saa, mwakani utakuwa na wakwe wawili wa kuwapa pole."

Mama alimtazama Leah. Leah alitazama chini, na machozi yakamjibia.

"Basi kaa, mwanangu," mama alisema. "Nani alikutuma ufiche?"

Leah akaketi. Judith akainama mbele yake, akamshika kisigino, akamwonyesha jinsi ya kunyoosha mguu na kuukaza. Mguu ukapanda, ukanyooka, ukatulia bila kutetemeka. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Hivi, dada? Si ngumu."

Judith alizikumbuka zile wiki tatu. Aliendelea kushikilia kisigino.

"Usishushe," alisema. "Hesabu mpaka kumi."