Kompyuta ya Maji ya Mama Mwongeli

Musila alikuwa na lori la kuuza maji, lile lenye tanki la bluu, na kila siku alichota kwenye kisima cha Kisaju akayapeleka katika mitaa ya Kitengela, ambako mfereji ukifunguliwa hukohoa hewa tu. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kusema "niko hapo kwa kona" na kumbe bado yuko kisimani. Nyumbani alikuwa baba wa msichana mmoja, Mwongeli, aliyekuwa akisoma shule ya bweni, na mume wa Tabitha, Mmaasai wa Bisil. Alimpenda Tabitha kupita kiasi, na taabu yake yote ilianzia hapo kwenye kupita kiasi.

Tabitha alifanya kazi chumba cha wageni. Watu walionunua ploti na kuota nyumba walimletea ramani zao, naye akazigeuza kuwa picha kwenye kompyuta: paa limeezekwa, ukuta umepakwa rangi, gari limesimama uani, hata maua ya dirishani yamechanua. Mtu akiiona nyumba yake hivyo kabla ya tofali la kwanza, hutabasamu kama mtoto. Ila kazi hiyo huichosha mashine. Mwaka huo joto lilipozidi na vumbi la barabara likawa linaingia mpaka ndani ya sukari, kompyuta ya Tabitha ilianza kuchemka. Feni ilipiga kelele kama mashine ya posho, kisha kila kitu kikazima, na picha iliyokuwa karibu kukamilika ikaanza upya.

Tabitha akampigia fundi wa Kajiado mjini aliyeitwa Ledama.

Musila alikuwa amerudi kula siku Ledama alipofika. Alikuwa kijana mrefu, viatu safi, na mlangoni alimsalimu Tabitha kwa Kimaa.

"Takwenya!"

"Iko!" Tabitha akajibu, na wakaendelea hivyo hivyo kwa Kimaa, maneno yakienda mbio, mpaka wakaangua kicheko. Musila alikuwa Mkamba wa Mwala. Miaka yote ya ndoa alikuwa ameokota salamu na majina ya vyakula, basi. Alisimama na sahani yake ya githeri mkononi akitabasamu kwa kicheko asichokijua maana yake.

"Huyu ni ndugu yangu," Tabitha akamwambia. "Ukoo wetu ni mmoja."

"Shemeji, habari ya kazi?" Ledama akamnyooshea mkono.

Musila aliupokea huo mkono, lakini moyoni alisema: siku hizi kila mwanaume ni ndugu.

Ledama aliifungua mashine, akapuliza vumbi, akakaa kitako sakafuni kuwaeleza. "Hii kazi yako feni haiwezi tena. Inataka kupozwa na maji, na ziko njia mbili. Iko ile inakuja imefungwa kutoka kiwandani. Pampu, mipira, redieta, yote pamoja, na maji iko ndani tayari. Mimi naiweka tu, nakaza skurubu, naenda zangu. Ikiharibika miaka ijayo, unatupa unanunua ingine. Halafu iko ya kujengwa. Hiyo unachagua pampu yako, tanki yako, redieta yako, na mimi napinda paipu moja moja na moto. Inapoza zaidi, haina kelele, na kitu ikiharibika unabadilisha hiyo kitu peke yake. Lakini inataka kuangaliwa. Maji inabadilishwa, viungo vinakaguliwa."

"Wewe ungechukua gani?" Tabitha akauliza.

"Kwa kazi yako? Ile ya kufungwa inatosha kabisa."

Tabitha aliitikia kwa kichwa, na mambo yangeishia hapo. Lakini Musila, aliyekuwa ameegemea mlango, alimwona mkewe alivyokubali haraka, bila hata kumtazama yeye. Angesema lolote ilimradi liwe kinyume cha alichosema yule kijana.

"Mke wangu hachukui ya kutosha," akasema. "Atachukua iliyo nzuri. Jenga."

Tabitha akageuka, uso umechanua. "Kweli, Baba Mwongeli?"

"Jenga," akarudia.

"Ni sawa, shemeji," Ledama akasema. "Lakini ujue nitakuwa nakuja."

Neno hilo Musila alilisikia akiwa ameshasema lake, na hakuwa mtu wa kurudisha neno.

Ledama alikuja kila Jumamosi, siku aliyofunga duka lake mapema. Na Jumamosi ndiyo siku ambayo Kitengela nzima hufua nguo, kwa hiyo ndiyo siku ya Musila kukimbia kuliko zote. Sasa akawa haendi mbali. Alimwaga maji mtaa mmoja, akapita nyumbani kuchukua risiti. Akamwaga mtaa wa pili, akapita kuchukua kofia. Kila akiingia aliwakuta vilevile: Ledama amepiga magoti na paipu ya plastiki juu ya moto mdogo, akiipinda polepole, na Tabitha ameshika mwisho wa pili, wamekaza macho kwenye ile paipu kama watu wanaovusha mtoto mto. Hakuna kibaya alichoona. Hilo nalo lilimuudhi, maana angeona kibaya angejua la kufanya.

"Musila, maji iko wapi?" mama mmoja wa gorofa alimpigia simu. "Watoto wamevaa nguo za jana."

"Niko hapo kwa kona," Musila akajibu, na alikuwa sebuleni kwake akisikiliza ukuta.

Kazi ilipokamilika, hata yeye alikiri moyoni kuwa ni kitu cha kutazamwa. Upande mmoja wa kompyuta ulikuwa kioo, na ndani maji ya kijani yalipita kwenye paipu zilizopindwa kwa adabu, bila sauti. Tabitha aliweza kuiachia kazi nzito huku anasonga ugali jikoni, na mashine haikulalamika. Aliwapigia picha dada zake wa Bisil.

"Ana mikono, huyu Ledama," akasema usiku wakila. "Ana mikono kabisa."

Musila aliitazama mikono yake mwenyewe, ilivyopasuka kwa kushika mpira wa maji na vyuma vya moto, akaacha kula.

Miezi ikapita. Ledama akatuma ujumbe kwamba maji ya kompyuta yamefika wakati wa kubadilishwa na atapita Jumamosi. Wiki hiyo mama yake Tabitha aliteguka mguu huko Bisil, na Tabitha akaenda kumwangalia. "Mwambie angoje nirudi," alimwachia Musila maagizo. "Niko na picha za nyumba ya yule mteja wa Kisaju, nikirudi namalizia."

Hapo ndipo Musila alipopata wazo lake. Yeye si mtu wa maji? Pampu, paipu, tanki, viungo, si ndivyo vilivyomlisha miaka yote hii? Akiibadilisha mwenyewe mara moja, ataibadilisha kila mara, na yule kijana hatakuwa na sababu ya kuvuka kizingiti chake tena. Alitazama video kwenye simu mpaka akaridhika. Alipitia petroli stesheni, akanunua maji ya betri, kama fundi wa kwenye video alivyosema. Ijumaa mchana aliegesha lori, akanawa mikono vizuri, akaanza.

Akatoa maji ya zamani bila kumwaga hata tone, akajaza mapya, na alifurahi sana. Kisha akafika kwenye kukaza viungo. Mkono wa mtu wa lori haujui kukaza kidogo. Kiungo cha lori kisipokazwa kwa nguvu, maji yote huishia njiani kabla hujafika kwa mteja. Akachukua spana yake, akakaza kile kiungo cha tanki dogo la plastiki mpaka spana ikagoma, halafu akaongeza kidogo.

Alipowasha, taa zikawaka na maji yakaanza kuzunguka. Alipiga hatua nyuma kutazama. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeingia chini ya tanki, na maji yakateremka kwa kunyemelea hadi kwenye kadi ya picha, kile kipande kinachochora kila kinachoonekana. Skrini ikawa nyeusi. Kukatoka harufu ya plastiki iliyoungua.

Musila alichomoa waya akakaa chini. Halafu akampigia mkewe, na kinywani mwake kikatoka kitu ambacho hakuwa amekipanga.

"Ile mashine ya Ledama imevuja," akasema. "Imeungua."

Jioni hiyo Tabitha alirudi, na kabla hajaweka mkoba chini alikuwa kwenye simu na Ledama. Alizungumza Kimaa, lakini safari hii hapakuwa na kicheko. Sauti yake ilikata. Musila alikuwa jikoni akimtengenezea chai, na Mungu amsamehe, alifurahi. Hiyo furaha aliisikia mpaka tumboni.

Ledama alikuja asubuhi kabla hata ya kufungua duka. Hakusalimu kwa Kimaa. Alimulika ndani ya mashine kwa simu yake, akapitisha kidole chini ya tanki, kisha akasimama na kusema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu asikie.

"Hii imekazwa na spana. Alama ndio hizi. Mimi hukaza na vidole."

Tabitha alitazama zile alama. Kisha akamtazama mumewe.

"Baba Mwongeli?"

Angeweza kukana. Lakini spana yenyewe ilikuwa juu ya kabati, pale pale alipoiacha.

"Ni mimi," akasema.

Ledama alitoka nje akasema anapiga simu, ingawa hakuitoa simu mfukoni.

"Kwa nini hukungoja?" Tabitha akauliza.

"Nilitaka asirudi tena."

"Nani? Ledama?" Alikaa juu ya kitanda cha wageni. "Nilikuambia ni ukoo wetu. Kwetu huyo ni kama tumezaliwa tumbo moja. Ulifikiri nilikuwa nasema tu?"

"Mnaongea sisikii. Mnacheka. Siku ile ya kwanza mlicheka nini?"

Tabitha alijaribu kweli kukumbuka. Musila alimwona akitafuta. "Sijui," akasema mwishowe. "Sikumbuki, Musila."

Musila alikuwa amekibeba kicheko hicho tangu kiangazi.

"Na ukaniacha nimtukane mtu kwa kosa lako," Tabitha akaongeza kwa sauti ya chini. "Hilo ndilo linaniuma."

Musila alitoka nje akamwomba Ledama msamaha. Ledama alisema hakuna neno, shemeji, lakini alilisema akitazama barabara. Kadi ya picha ilikuwa imekufa. Michoro ilikuwa salama. Waliponunua kadi nyingine, Tabitha alimwambia fundi aweke ile ya kufungwa kiwandani. Ledama aliifunga kabla maji ya chai hayajachemka, na chai yenyewe hakuinywa.

Mwezi uliofuata Tabitha alikodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi, akahamishia kompyuta huko. Hakusema ni kwa sababu ya spana. Alisema wateja wanataka ofisi. Musila mwenyewe ndiye aliyeipakata mashine kwenye magoti njia nzima ili isitikisike, na huko juu akakuta kwamba ofisi ni ya watu wawili. Meza ya pili ilikuwa ya mpima ardhi aliyeitwa Gitonga, mtu mpole anayenukia marashi, aliyekimbilia kumsogezea Tabitha kiti kabla Musila hajaweka mzigo chini.

Siku nzima Musila alimwaga maji akimfikiria Gitonga. Mara mbili alikaribia kupitia pale kuchukua kofia. Hakupita. Jioni mkewe aliporudi, alimngoja avue viatu.

"Huyo Gitonga," akasema. "Ananisumbua roho."

Tabitha alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya spana, uso wake ukalegea.

"Angalau leo umesema," akajibu, akasogea kumpa nafasi kwenye kochi.