Jino Lililonyamaza

Mwaka ule kidonda cha kidole gumba cha mguu kilikataa kupona. Nina kisukari, na kliniki walishaniambia kwa upole kwamba sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Nilirudi nyumbani kwangu Boko na hofu iliyochanganyika na hasira, maana chai ya sukari nilishaiaga kitambo, na ugali wenyewe nilikuwa nakula wa dona, tena kiduchu.

"Mama, tuambie ukweli," muuguzi alinitania. "Maandazi unakulaga, si ndiyo?"

Ningekula na nani? Tangu mume wangu afariki na watoto wahamie mikoani kikazi, nilikuwa napika kwa sufuria dogo na kula nimesimama jikoni. Nilikuwa mpweke, basi, sina haja ya kulipamba neno hilo.

Siku moja nilimkuta daktari mpya, binti mdogo. Akaniamkia, akatazama vipimo, akaniambia nifungue mdomo. Nikamshangaa: mguu unauma huku, yeye anataka kuangalia huko! Nilipofungua, akarudisha kichwa nyuma kidogo, nikaona aibu.

"Hili jino la nyuma lilikuuma lini, mama?"

Liliuma zamani. Nilifanya kama wengi mtaani wafanyavyo: nilifungua kidonge cha rangi mbili, nikamimina unga wake kwenye tundu la jino. Maumivu yalipokwisha, nikajipongeza. Kumbe jino lilikuwa limekufa tu, na usaha ukaendelea kujaa chini yake. Daktari alinieleza kwamba mwili ukipigana na uchafu wa namna hiyo kila siku, sukari haishuki kirahisi, hata ujinyime vipi.

"Nyumbani hakuna aliyekwambia kuhusu harufu? Wala kwamba unatafunia upande mmoja?"

Marehemu angeshaona. Yule mtu alikuwa ananitazama nikila mpaka namfokea.

Jino liling'olewa, dawa nikameza, sukari ikaanza kushuka, na kidonda kikafunga polepole. Kidole ninacho mpaka leo, na ninashukuru. Ila ninachokumbuka zaidi ni siku yenyewe ya kung'olewa. Waliniwekea pamba, wakanisisitizia nisiongee na mtu hadi jioni. Nikakaa sebuleni nimeing'ata. Jioni ilipofika nikaitoa, na bado sikuwa na wa kuongea naye.