Mtumbwi wa Kokuhirwa na ndege isiyoonekana

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano, Stephania Kokuhirwa amepiga magoti kando ya shimo, mkono umezama hadi kiwikoni chini ya majani ya migomba. Anapapasa ndizi alizozifukia siku nne zilizopita.

"Zimeshika joto," anasema. "Kesho zitaiva, keshokutwa zikanyagwe. Zikingoja zaidi ya hapo, ni chakula cha nguruwe."

Kokuhirwa, 51, wa Igurwa wilayani Karagwe, ametengeneza rubisi, pombe ya ndizi, tangu mwaka 1978. Kwa mwezi hupata shilingi 6,000 hivi. Safari hii ameagizwa lita 200 za harusi ya Jumamosi huko Bugene, na hana pa kukanyagia ndizi.

Mtumbwi wake, gogo lililochongwa tumbo ambamo ndizi hukanyagwa kwa miguu, ulipasuka Januari. Mpya wa mti wa msizi, mita tatu na nusu, uko bonde la Kiruruma. Kuuvuta kunahitaji wanaume kumi na wanne. Kwa desturi, wanywaji wake huitikia wito huo bila malipo. Lakini sasa hawaelewani.

Wiki mbili zilizopita redio ilitangaza kwamba ndege ya abiria, yenye watu 61, imepotea juu ya bahari, nchi za mbali.

"Chuma hakielei," anasema Celestin Mbonimpa, kibarua wa kahawa. "Imezama."

Kamugisha, aliyeendesha lori la jeshi vitani mwaka 1979, anakataa. "Sisi tulificha malori arobaini kwa matawi. Rubani ameteremka uwanja wa siri, akaifunika."

"Na abiria nao kawafunika matawi, afande?"

"Baiskeli yenyewe hujaiweza, wewe, unanifundisha ndege?"

Tangu siku hiyo kila upande una benchi lake na kibuyu chake, na hakuna anayetaka kushika kamba moja na mwenzake.

"Niliwaambia, asiyevuta, Jumamosi atakunywa maji," anasema Kokuhirwa. Saa tatu wote kumi na wanne walikuwa Kiruruma.

Mtumbwi haukuonekana.

Fundi Rwegoshora, aliyeuchonga, alikuwa ameufunika kwa nyasi usipasuliwe na jua, kama inavyotakiwa. Mvua ya wiki tatu ikaotesha nyasi nyingine hadi kifuani. Alama yake ilikuwa kichuguu. Bonde lina vichuguu saba.

Kamugisha alisema umeibwa. Mbonimpa akasema umesombwa na mto.

"Nyamazeni, mtembee," Kokuhirwa aliwaambia. Akawapanga mstari mmoja, mkono kwa mkono, wanaosema bahari kando ya wanaosema uwanja. Baada ya saa moja na dakika ishirini Mbonimpa aliugonga kwa ugoko. Kamugisha alikuwa amepita hatua nne kutoka hapo, mara mbili.

"Afande, huo uliufunika wewe?" Mbonimpa aliuliza akijisugua mguu. Kamugisha alicheka hadi akakaa chini.

Jioni mtumbwi ulifika Igurwa. Ijumaa ndizi zilikanyagwa, Jumamosi Bugene ikanywa.

Kuhusu ndege, Kokuhirwa hana upande. "Haijayeyuka. Ipo mahali ambapo hawajapita. Naomba wapite, kuna watu wanasubiri ndugu zao."

Kuhusu kazi, ameshapanda miche tisa ya misizi mpakani mwa shamba lake. Itafaa kuchongwa baada ya miaka ishirini.

"Nitakuwa na sabini na moja," anasema. "Mtumbwi ujao utachongwa hapa, nikiutazama kutoka jikoni."