Ukucha wa Mama Wino

Kila uchaguzi, mfagizi wa shule ya msingi alipewa kazi ya kupaka watu wino kidoleni, na jina la Mama Wino likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kituoni kwao walikuwa na desturi yao: mpakaji hajipaki mwenyewe. Hupakwa na mpiga kura wa kwanza, ndipo kazi inaanza.

Asubuhi ile wa kwanza alikuwa bintiye, Kasuku, aliyepata jina hilo kwa kutofunga mdomo tangu ajue kusema. Ilikuwa kura yake ya kwanza maishani. Mama akampaka, kisha binti akashika chupa, akamzamisha mama kidole mpaka kiungo cha pili.

"Mwanangu, unanipaka au unaniogesha?"

"Tulia, mama. Leo mimi ndiye bosi wako."

Walikuwa bado wanacheka meza ilipotikisika. Mama Wino alipoinua macho, mahali pa Kasuku amesimama mzee mwenye bakora, anauliza kama foleni ni hii.

Kuiba kura watu walishazoea. Safari hii waliokuwa wanaelekea kushindwa waliiba miaka. Walirudi nyuma na mashine yao ya kusafiria wakati hadi uchaguzi wa rais wa miaka ishirini iliyopita, wakahakikisha mgombea aliyeitwa Daktari hashindi. Daktari ndiye aliyejenga hospitali ya wazazi pale mtaani, na humo ndimo Mama Wino alimopasuliwa, Kasuku akatoka salama. Sasa pale pana maegesho ya magari. Uchungu ulimkuta mbali na hospitali, mtoto akazaliwa kimya.

Wino tu ndio haukurudi nyuma. Aliyekwisha kupakwa alibaki na wino wake na kumbukumbu zake, nao waliopakwa kituoni hapo walikuwa wawili, mmoja hayupo.

Nyumbani alimweleza mumewe, fundi viatu. Hakumcheka. Alidhani msiba wa zamani umemrudia mkewe, akamchemshia maji ya kuoga, akambembeleza apumzike. Mama Wino akalia mpaka sauti ikamkauka.

Ngozi ilitakata upesi, kwa mtu wa sabuni na ndoo. Weusi ukabaki kwenye ukucha, nao ukawa unasogea taratibu kuelekea ncha. Aliacha kukata kucha, akihofu kuwa wino ukiisha na kumbukumbu zitaisha, akajifunza kufagia kwa mkono mmoja. Kilichomuuma zaidi ni kuona mwili wake mwenyewe ndio unaomsukuma mtoto nje.

Ukucha ukaja kukatikia kwenye beseni, akiosha vyombo. Mumewe alimkuta amepiga magoti uani, anapapasa maji machafu aliyoyamwaga. Akaweka chini kiatu alichokuwa anashona, akapiga magoti naye. Vidole vyake vimezoea kuokota misumari midogo, na ndivyo vilivyokipata kile kipande cheusi. Akakilaza kiganjani.

"Wakunga walimfunika, wakaondoka naye," alisema. "Hata uso sikuonyeshwa." Akakifumbata kile kipande. "Mke wangu, alikuwa anafanana na nani?"

"Na wewe," Mama Wino akasema. "Ila yeye alikuwa hanyamazi."